Tusome Kilichomo Katika Chakula cha Paka na Mbwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako kuhusu jambo linalowadhuru paka na mbwa wa hapa Bukavu, nalo ni mazoea yetu ya kuangalia wingi wa chakula wanachopewa bila kujali virutubisho vilivyomo.

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, kirutubisho ambacho hukipata katika nyama na samaki, wala hauwezi kugeuza karotini, yaani rangi ya manjano ya mboga kama karoti, kuwa vitamini A, jambo ambalo mbwa huliweza. Paka anayelishwa fufu na mchuzi huonekana mzima kwa muda mrefu, huku macho yake yakiharibika na misuli ya moyo ikilegea. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ugonjwa huo wa moyo unaweza kutokana na upungufu wa taurini. Inasikitisha zaidi kwa kuwa sisi tunao sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Wachemshwe bila chumvi wala kitunguu, na paka apewe pia maji waliyochemshiwa, kwa sababu taurini huyeyuka ndani yake. Kitunguu, hata kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za paka na za mbwa.

Wanaonunua chakula cha dukani nao wasome maandishi ya Kifaransa yaliyo kwenye mfuko. Chakula kamili (aliment complet) kinamtosha mnyama kila siku peke yake. Chakula cha nyongeza (aliment complémentaire) hakimtoshi, hata kikiwa ghali. Tena asilimia za protini hazilinganishwi kabla ya kuondoa maji katika hesabu: kopo lenye protini asilimia 8 na maji asilimia 80 lina protini asilimia 40 katika sehemu yake kavu, ilhali mfuko wenye protini asilimia 26 na maji asilimia 10 una takriban asilimia 29 tu.

Mtoto wa mbwa naye asilishwe nyama tupu, kwani ina madini ya fosforasi kwa wingi na ya kalisi (kalsiamu) kidogo mno, na mifupa ya mtoto huyo hudhoofika.

Ninakuomba, Bwana Mhariri, umwalike daktari wa mifugo aandike katika gazeti lako kuhusu maneno haya ya lishe, kwa Kiswahili ambacho mama anayenunua sambaza sokoni Kadutu atakielewa.

Msomaji wako,
Bukavu