Bibi apande meli, lakini viza yake itazamwe kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na familia zinazopanga kwenda kutalii kwa meli, kuanzia bibi hadi vitukuu. Siku hizi vijana walioko Uingereza huona tangazo, wakalipia vyumba, ndipo wakapiga simu nyumbani kumwambia mama aanze kutafuta viza. Hapo kazi imeanzwa mkiani. Safari ya namna hii hupangwa kwa kumtazama mzee na mtoto mchanga. Wa katikati watajipanga wenyewe.

Chukua safari ya usiku saba inayoanzia Piraeus, bandari ya Athens, ikapitia Mykonos, Kuşadası, Rhodes na Santorini, kisha ikarudi ilikotoka. Wajukuu wenye pasipoti za Uingereza hawahitaji viza. Bibi mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ugiriki ikiwemo, na mtego uko Kuşadası. Mji huo uko Uturuki, nje ya Schengen, kwa hiyo meli ikifika huko bibi huhesabiwa ametoka. Kama viza yake ni ya kuingia mara moja, imekwisha kazi, na Rhodes ni Ugiriki, yaani anaingia upya. Makampuni ya meli yanalijua hilo, ndiyo maana hukagua viza palepale gatini siku ya kuondoka. Asiye na viza ya kuingia mara mbili au zaidi hapandi, na nauli mara nyingi hairudi.

Kwa hiyo kwenye fomu ombeni kuingia mara nyingi, na muambatishe ratiba ya meli, bandari kwa bandari, ili afisa aione sababu kwa macho yake. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Bima ya safari iwe na kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Viza ya Uingereza aliyopewa bibi aende kusalimia haimsaidii chochote hapa. Masharti ya Uturuki kwa abiria wa meli nayo yaulizwe kwa kampuni, na jibu liwe la maandishi.

Watoto nao wana yao. Kampuni nyingi hazipokei mtoto aliye chini ya miezi 6, wala mjamzito atakayefikisha wiki 24 kabla safari haijaisha. Mjukuu anayesafiri na babu bila wazazi wake abebe barua ya ridhaa iliyosainiwa mbele ya wakili.

Sasa chumba. Bei ya tangazo, ile ya "kwa mtu mmoja", huhesabu watu wawili katika chumba kimoja. Vyumba vyenye mlango wa ndani wa kupitana ni vichache, na chumba cha jirani si lazima kiwe na mlango huo, basi ulizieni namba kabisa. Mlango wa chumba cha kawaida una upana wa kama sentimita 58, na bafuni kuna kizingiti cha kuruka. Kiti cha magurudumu hakipiti, na mguu wa mzee hujikwaa hapo usiku. Vipo vyumba vyenye mlango wa sentimita 80 hivi na bafu lisilo na kizingiti, ila huisha kabla ya vingine vyote. Mwombeeni bibi chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, ambako meli haiyumbi sana, karibu na lifti. Msikubali kilicho chini ya bwawa la kuogelea. Alfajiri viti huburutwa juu ya kichwa chake.

Santorini ninaitaja peke yake. Meli kubwa hazifungi gati pale. Abiria hushushwa kwa mashua, na bahari ikichafuka kidogo wenye viti vya magurudumu hukatazwa kushuka. Kutoka ufukweni kwenda mjini Fira ni kigari cha kamba chenye foleni ndefu, punda, au ngazi zaidi ya 500. Julai na Agosti upepo wa meltemi huvuma kwa nguvu na wakati mwingine meli huipita bandari moja kwa moja. Nani atabaki na bibi siku hiyo? Amueni mkiwa bado nyumbani, msije mkagombana kwenye ngazi za meli.

Fedha za ziada ndizo huleta minong'ono. Kampuni nyingi za Kimarekani hukata bakshishi ya dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku, watoto wakiwemo. Watu tisa, usiku saba, kwa dola 17 ni dola 1,071, na bado hamjalipia intaneti wala vinywaji. Daktari wa melini naye hulipwa papo hapo, bima hurudisha baadaye. Simu ya bibi iwekwe hali ya ndege, maana mtandao wa simu wa baharini ni ghali mno.

Chakula halali kiombwe wakati wa kulipia, si siku ya kupanda. Ugali msiutarajie. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji, kwani jeli ya spiriti haiwawezi vizuri virusi vya kuharisha vinavyosambaa melini. Mtoto wa pampasi haruhusiwi kwenye mabwawa makubwa.

Pasi ya nguo, hita ya kuchemshia maji na ekstensheni viacheni nyumbani; mashine ya ukaguzi huviona na vitashikiliwa hadi mwisho wa safari. Dawa za presha na sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu masanduku hukabidhiwa gatini na huweza kufika chumbani jioni. Insulini isitegemee friji ya chumbani, ambayo mara nyingi hupoza kidogo tu. Ombeni friji ya dawa mapema.

Usiku wa mwisho masanduku hutolewa nje ya mlango yachukuliwe. Mtengeeni bibi nguo za asubuhi na viatu kabla hayajaondoka, asije akashuka Piraeus na kanga ya kulalia.

Wakala wa safari,
Dar es Salaam