Yah: Malalamiko kuhusu karatasi ya maelekezo ya kipimo chenu cha mimba

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Nalalamikia karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya pakiti ya kipimo chenu cha mimba. Kipimo chenyewe sina ugomvi nacho. Kilifanya kazi yake. Ugomvi wangu ni na hiyo karatasi, pamoja na jibu nililopewa na mhudumu wenu kwa simu.

Karatasi ina picha mbili tu. Mistari miwili iliyokolea, una mimba. Mstari mmoja, huna. Chini yake mmeandika: "Subiri dakika 5 au zaidi." Nilifuata hivyo hivyo. Dakika 5 zilipotimia ulikuwepo mstari wa C peke yake, ule wa kuonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Kwa kuwa mmeruhusu "zaidi", nikakiacha kijiti juu ya sinki nikaendelea na shughuli zangu. Niliporudi baadaye, penye T, yaani mahali pa mstari wa mimba, palikuwa na alama nyembamba ya kijivu: ukikiinamisha kijiti kwenye mwanga unaiona, ukikinyoosha inapotea. Nikaigeuza karatasi yenu mbele na nyuma. Alama ya namna hiyo haikutajwa popote.

Nikapiga simu. Mhudumu wenu akajibu, "Mstari ni mstari, dada. Hongera." Mume wangu alikuwa pembeni, akaisikia hongera hiyo. Sina haja ya kueleza nyumba ilikuwaje mpaka nilipopimwa damu nikaambiwa hakuna mimba.

Aliyenifafanulia ni mfamasia, tena kwa maneno machache ambayo mngeweza kuyachapa ninyi. Mkojo ukishakauka kwenye kijiti, pale penye T panaweza kubaki alama isiyo na rangi. Hiyo si mimba. Ndiyo maana jibu lina muda wake wa kusomwa, na vipimo vingi vinakataza kusoma baada ya dakika 10. Mstari wenye rangi ile ile ya C ni habari nyingine: ukitokea ndani ya muda, hata uwe hafifu kiasi gani, kwa kawaida ni mimba, maana mwanzoni hCG, homoni ya mimba ambayo kipimo huitafuta kwenye mkojo, bado ni kidogo. Mwenye mashaka arudie baada ya siku 2 au 3, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi na kijiti kipya, kwa kuwa katika wiki za mwanzo homoni hiyo huongezeka karibu maradufu kila baada ya siku hizo. Na mstari wa C usipotokea kabisa, kipimo kimeharibika, kitupwe. Hata hilo hamkuliandika!

Nafasi mlikuwa nayo. Juu ya boksi mmechapa "asilimia 99" kwa herufi kubwa kuliko jina la bidhaa, bila kusema kwamba anayepima kabla ya siku ya kutarajia hedhi anaweza kupata mstari mmoja na bado akawa mjamzito. hCG huanza kutolewa yai lililorutubishwa likishajishikiza, na hilo huchukua siku kadhaa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi si mimi niliyepewa hongera ya bure. Yuko mwanamke ambaye mimba yake imetoka karibuni, au aliyechomwa sindano ya hCG kwenye matibabu ya uzazi. Huyo kipimo kinaweza kumwonyesha mistari miwili iliyokolea bila kuwa na mimba mpya. Yuko pia mwenye mistari miwili huku tumbo linamuuma upande mmoja na damu inamtoka. Huyo huenda mimba imetunga nje ya kizazi, na anatakiwa kuwa hospitali saa hiyo hiyo. Mhudumu wenu angemwambia hongera.

Fedha yangu siwadai. Nataka "au zaidi" ifutwe na muda wa mwisho wa kusoma uchapwe, picha ya mstari hafifu na ya alama ya kijivu ziwekwe, na onyo la maumivu na damu liandikwe pale mtu anapoliona kabla hajafungua kijiti. Wanaopokea simu wafundishwe kuuliza kwanza mambo mawili: mstari una rangi gani, na ulitokea baada ya muda gani.

Nimeambatanisha picha ya kijiti, karatasi yenu pande zote mbili, na upande wa boksi wenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo ilikuwa bado mbali. Naomba majibu kwa maandishi, si kwa simu.

Mteja wenu