Fiksi si ya vijana peke yao, ila iwe na breki

Kwa Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wako aliyelalamikia baiskeli zisizo na friwili, zile vijana wanaziita fiksi, akitaka zipigwe marufuku katika barabara za Nairobi. Aliyoyasema kuhusu vijana wanaopenya katikati ya matatu bila breki nayaunga mkono. Lakini alimalizia kwa kushangaa kwamba siku hizi hata mashosho, yaani akina nyanya, wanazipanda, na kwamba mtu wa umri huo heri apande basi. Mimi ni mmoja wa hao mashosho. Nina miaka 59, nashona sare za shule Makadara, na fiksi naipanda. Naomba nafasi nimjibu.

Nianze na chombo chenyewe, maana wengi wanaokisema hawajawahi kukikalia. Baiskeli ya kawaida, iwe black mamba au ile ya gia nyingi, ina friwili kwenye sproketi ya nyuma, lile gurudumu dogo la meno linalovutwa na cheni. Ukiacha kukanyaga, gurudumu linaendelea kuzunguka na miguu inapumzika. Ule mlio wa tiki-tiki-tiki mtu anapoteremka ndio friwili. Fiksi haina. Sproketi imekazwa moja kwa moja kwenye gurudumu, kwa hiyo gurudumu likizunguka pedali nazo zinazunguka, utake usitake. Ukijisahau ukataka kutulia, pedali inakuinua kutoka kitini. Aliyejifunza kushona kwa cherehani ya miguu anaijua hali hiyo: gurudumu na kanyagio ni kitu kimoja, huwezi kusimamisha hiki ukaacha kile kikienda. Nimekanyaga cherehani tangu usichana wangu, na naamini ndiyo sababu miguu iliizoea fiksi upesi.

Baiskeli yenyewe niliachiwa na kitindamimba wangu alipohamia Mombasa kikazi. Fremu ni ya chuma, ya zamani, iliyoletwa na mitumba kutoka Ulaya, na ile nafasi ya kushikia ekseli ya nyuma imelala, haikusimama wima. Hilo ni muhimu kuliko rangi na kuliko jina lililoandikwa ubavuni. Fiksi haina kile kidude cha gia kinachoivuta cheni, kwa hiyo unaikaza cheni kwa kulivuta gurudumu zima nyuma, na nafasi iliyosimama wima haikupi pa kulivutia. Cheni iliyolegea inaweza kuruka meno, na ikiruka huku miguu inazunguka, gurudumu linaweza kukwama ukaenda chini.

Fundi wa mtaani kwetu, kijana mpole anayeniita mama, aliifungua yote juu ya gunia huku nikitazama. Kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma mna ngazi mbili za nyuzi za skrubu. Ya ndani ni pana, na sproketi inakazwa hapo kwa kuzungushwa kulia, kwa hiyo kila ukikanyaga mbele unazidi kuikaza. Ya nje ni nyembamba kidogo, na ringi ya kufungia inakazwa hapo kwa kuzungushwa kushoto. Ukizuia miguu ili upunguze mwendo, sproketi inataka kufunguka, lakini inaisukuma ringi upande ule ule ambao ringi inakazika. Alipaka grisi, akakaza sproketi kwa chuma chenye kipande cha cheni, akafuata ringi kwa spana ya ndoano, kisha akasimama kwa mguu mmoja juu ya pedali akiisukuma nyuma kwa uzito wake wote. "Mama, hii sasa haitoki," akaniambia.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu wapo wanaochomelea friwili ya kawaida kwa moto ili isizunguke, mteja akaambiwa amepata fiksi. Kitovu cha friwili hakina ile ngazi ya pili. Siku utakapoizuia miguu kwa nguvu, friwili nzima itaanza kufunguka, na miguu haitakuwa na cha kushika. Mtu mzima mwenzangu akiletewa kitu cha namna hiyo akikatae, hata kikiwa cha bure.

Meno nayo yanahitaji kuchaguliwa. Vijana wanapenda 48 mbele na 16 nyuma, gurudumu likizunguka mara tatu kwa mzunguko mmoja wa pedali. Ni mbio kwelikweli, lakini kila unapoondoka kwenye taa, mzigo wote unabebwa na magoti. Mimi niliomba 42 kwa 18. Hapo gurudumu linazunguka mara mbili na theluthi, karibu mita tano za barabara. Nikizungusha miguu mara 60 kwa dakika nakwenda kilomita 17 na ushei kwa saa, nikifikisha 80 navuka 23, na hiyo inatosha kabisa kufika Biashara Street kuchagua kitambaa kabla mji haujafurika. Mikono ya pedali ni ya milimita 165 badala ya 170, kwa sababu kwenye kona huwezi kuitegesha juu, na iliyo ndefu ni rahisi kugonga lami.

Sasa kwa nini nijisumbue hivyo wakati friwili ipo? Kwa sababu nikiwa na friwili nilikuwa nakanyaga mara tatu nne kisha natulia, na safari ya kwenda mjini na kurudi mwili hauisikii. Kwenye fiksi miguu inafanya kazi mwanzo hadi mwisho, kidogo kidogo, bila kupumzika na bila kukurupushwa. Goti langu la kulia lilikuwa likiganda kila nilipoinuka kwenye mashine. Siku hizi linainuka nami. Sisemi ni dawa, nasema lililonipata. Kuna na jambo la macho, ambalo kwangu ndilo kubwa. Kwa kuwa miguu yako ni sehemu ya mwendo, unajifunza kuisoma barabara kutoka mbali: makanga aliyening'inia mlangoni mguu mmoja nje, maana yake matatu itasimama sasa hivi, mkokoteni unaotafuta pa kuingilia, mtoto aliyeshika mkono wa dada yake lakini macho yako ng'ambo. Unapunguza mapema kwa mapaja, bila papara, na mara nyingi kufikia pale palipo na msongamano njia imeshafunguka. Ujana una kasi, lakini uvumilivu huo wa kutazama mbali ni wetu tuliokula chumvi.

Msomaji wako si wa kwanza kuleta hesabu ya umri. Mwaka 1902 Mfaransa Henri Desgrange, ambaye mwaka uliofuata alianzisha mashindano ya Tour de France, aliandika kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliopita miaka 45, na kwamba yeye apewe gia ya kukazwa, yaani fiksi. Washindani wakuu wa Tour walikaa bila vibadilishi vya gia hadi mwaka 1937. Walipofika chini ya mlima walishuka, wakageuza gurudumu la nyuma upande wenye sproketi kubwa, ndipo wakapanda. Kwa kuipenda gia ya kukazwa niko naye. Lakini ile 45 yake naikataa, na wa kumjibu ametoka kwao huko huko. Robert Marchand, aliyezaliwa mwaka 1911, aliirudia baiskeli akiwa amevuka miaka 60, na Januari 2017, akiwa na miaka 105, alizunguka uwanja wa ndani wa mbio za baiskeli wa Saint-Quentin-en-Yvelines karibu na Paris kwa saa nzima akatimiza kilomita 22.547. Baiskeli za viwanja hivyo hazina friwili. Mtu akiniambia nimechelewa, namtajia mzee huyo.

Baiskeli za uwanjani hazina breki pia, na hapo ndipo vijana wetu wanapochukua mfano usiowafaa. Uwanjani wote wanaelekea upande mmoja, hakuna matatu wala mwendawazimu wa boda boda anayekuja kinyume, na mtu akifunga breki ghafla atamwangusha aliye nyuma yake. Jogoo Road haiko hivyo. Asiye na breki husimama kwa kuikaza miguu mpaka tairi la nyuma liburuzike. Lakini unaposimama, uzito unahamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linaloshika lami vizuri. La nyuma likiburuzwa linasafiri mbali kabla ya kutulia, na barabara ikiwa na tope la mvua ndio balaa. Isitoshe, kwa ile 48 kwa 16, kwa kuwa gurudumu linazunguka mara tatu kamili, mtu anayekaza mguu ule ule kila mara anaburuza tairi mahali pamoja tu. Nimeona tairi la kijana mmoja jirani yangu: pale pamoja nyuzi zimetokeza nje, kwingine kote kumebaki kama lilivyotoka dukani. Nilimwonyesha kwa kidole. Nashukuru kwamba sasa ana breki.

Kwa hiyo badala ya marufuku, naomba breki ya mbele iwe lazima. Uingereza kanuni za mwaka 1983 zinataka baiskeli iwe na njia mbili za kusimamisha zinazojitegemea. Gurudumu la nyuma lililokazwa linahesabiwa kuwa moja, na breki ya mbele ni ya pili. Huo ni utaratibu wenye akili, na hauhitaji kumfukuza mtu yeyote barabarani, awe kijana au shosho. Kwa mtu wa umri wangu breki inalinda na magoti pia, maana kuuzuia mteremko kwa miguu peke yake ni kuyatwisha mzigo yasioumbiwa.

Lipo na la barabara. Sera ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 kuhusu wanaotembea na waendesha baiskeli ilisema asilimia 20 ya fedha za barabara ziende kwao. Outering Road ilipopanuliwa ilijengewa njia yetu kando. Lakini njia ikishajaa boda boda zilizoegeshwa, magari yaliyopanda juu kuosha vioo na mirundo ya viazi, mwenye friwili anatulia, anajipenyeza, anapita. Mimi miguu inaendelea kuzunguka, kwa hiyo narudi barabarani katikati ya malori. Simtaki mama mboga afukuzwe. Naye anatafuta karo kama nilivyotafuta mimi, na mahali pa kuuzia panaweza kupangwa nje ya ule mstari. Magari na pikipiki ndiyo yazuiwe, kwa vizuizi vinavyoacha nafasi ya baiskeli kupita. Na matuta yapakwe rangi. Tuta lisiloonekana alfajiri linamkuta mwenye fiksi pedali moja ikiwa chini, na hilo nalisema kwa niaba ya kila mshona nguo, mlinzi na mfanyakazi wa Industrial Area anayetoka nyumbani kabla ya jua.

Kwa wenzangu wa rika langu mliokuwa mnatamani mkaona haya: jifunzieni uwanjani Jumapili asubuhi, kiti kishushwe kidogo mpaka mguu ukanyage chini bila taabu, na mikanda ya pedali iwe imelegea. Jizoezeni kupunguza kwa miguu na kusimama kwa breki, tena na tena, kabla ya kutoka getini. Kila wiki shikeni cheni kati kwa kidole: icheze kama sentimita moja juu na chini, isizidi sana. Kuteremka Valley Road kuacheni kwanza. Huku kwetu Eastlands ni tambarare, na kunatosha.

Fundi cherehani,
Makadara, Nairobi