Mjomba, hakuna Kaunti ya Malindi

Mjomba shikamoo. Natumai joto la Muscat halijawamaliza huko. Ile voisi yako ndefu kwa grupu la familia nimeisikiliza yote, naona heri nikujibu wazi hapa manake si wewe peke yako, hata vijana wa mtaani hapa Barani, Malindi, wanachanganya. Ati fomu umeijaza "Kaunti ya Malindi" ikarudishwa. Lazima irudishwe mjomba, kaunti hiyo haipo. Ipo Kilifi, namba 003, watu milioni 1.4 na ushei kwa sensa ya 2019, na Malindi ni eneo bunge moja kati ya saba. Magarini ndiyo jirani yetu kaskazini, ukishavuka daraja la Sabaki ushaingia.

Wewe uliondoka kukiwa na kaunsili na meya, ndo maana. Ile ilikufa na uchaguzi wa Machi 2013, katiba mpya ikaleta magavana. Saa hii kuna manispaa na bodi yake, lakini hao wanabodi hatuwapigii kura sisi, gavana anateua halafu bunge la kaunti linapitisha. Diwani naye siku hizi anaitwa MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, na wadi zetu ni tano: Jilore, Kakuyuni, Ganda, Malindi Mjini na Shella. Shella yetu eh, usidhani ile ya Lamu.

Ulisema kwa hasira ati Malindi imenyang'anywa kiti cha makao makuu ya kaunti. Haya, lakini hiyo si mara ya kwanza bwana. Mji huu ulimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, Vasco da Gama akaja 1498 akapokewa vizuri wakati Mombasa hawakumtaka, urafiki na Wareno ukanoga miaka na miaka. Mwishowe Mombasa ikaanguka, Wareno wakamhamishia sultani wetu huko huko, Fort Jesus ikaanza kujengwa 1593, na Malindi ikabaki inafifia hadi magofu yakaota msitu. Yaani rafiki uliyemkaribisha ndo anakuhamishia enzi kwa jirani! Mji ulikuja kufufuliwa 1861 na Sayyid Majid wa Zanzibar, na tusijidanganye, mashamba yale ya mtama yalilimwa na watumwa, hilo wazee wetu huwa wanalipita haraka wakisimulia.

Sasa kitu ambacho hata binamu zangu hawajui, bunge la Kaunti ya Kilifi linakaa hapa hapa Malindi. Gavana na mawaziri wake wako Kilifi mjini, kama kilomita 60 kusini, lakini bajeti inapitishwa hapa, sheria za ushuru wa soko zinapitishwa hapa, mtu wa Rabai ana kilio chake MCA wake lazima aje mpaka kwetu. Kwa hivyo mimi hizi kelele za "tupewe kaunti yetu" sizishabikii sana. Vikao viko wazi, mwananchi anaruhusiwa kuingia akae asikilize, kutoka sokoni ni tuktuk tu, na bado sisi tunajazana baraza za kahawa kulalamika taka hazizolewi. Taka ni kazi ya kaunti. Hospitali yetu kaunti, chekechea kaunti. Polisi, kitambulisho, shule za msingi na sekondari, hizo ni serikali kuu, ukimfuata MCA nazo atakuzungusha bure.

Kuhusu kiwanja chako sasa. Reti, ile kodi ya kiwanja, unalipa kaunti, manake deni na mali za kaunsili zilihamia huko, ila hati ya ardhi inashughulikiwa na serikali kuu kwa ofisi za ardhi, kwa hivyo ni safari mbili tofauti na mtu akikwambia atakumalizia zote mbili kwa pesa moja usimtumie hata shilingi. Zile risiti za kaunsili unazo bado? Zipige picha uniletee inboksi, si kwa grupu, unamjua shangazi.