Salma, sikuwa safarini

Salma shoga yangu,

Hujambo? Watoto, kazi, mzee? Sisi wazima. Naandika haraka moyo usije ukageuka, maana barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nikaichana.

Kwanza niwie radhi. Siku ya harusi ya Zuhura sikuwa safarini. Nilikuwa chumbani kwangu, nimeshavaa, mkoba begani, nimekaa kitandani napiga hesabu: saa mbili ndani ya basi, ukumbi umejaa, choo sijui kiko wapi. Nikavua nguo. Ulipopiga simu nikakudanganya.

Salma, mkojo unanivuja. Tangu nimzae yule wa pili, miaka 6 sasa. Nikikohoa, nikipiga chafya, nikiinua kitu kizito. Nikicheka pia, ndiyo maana siku hizi nacheka nawe nimebana mapaja. Baba watoto nadhani anajua, ila hatujawahi kulitamka.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni huku kujifungia. Usingizi umenihama, nalia ovyo, kuna asubuhi siioni sababu ya kuamka. Nilijua kabisa nahitaji mshauri nasaha, na hapo ndipo nilipokwama. Nitakaaje karibu saa nzima kwenye kiti cha mtu, chumba kimya, mlango umefungwa? Nikikilowesha? Akisikia harufu? Nikiweka miadi, naifuta. Nikaweka tena, nikaifuta. Nikajiambia nipone kwanza huku chini, kichwa kitasubiri. Na kadiri nilivyosubiri ndivyo nilivyozidi kujificha.

Wiki jana nilikwenda. Kulisema kwa mdomo nisingeweza, hivyo siku moja kabla nilimtumia ujumbe: nina tatizo la kibofu, huenda nikatoka ghafla. Akajibu kwamba kiti cha karibu na mlango ni changu, na choo ni mlango wa pili kushoto. Basi. Nilisoma jibu lile nikaketi chini sakafuni. Miaka 6 ya hofu, na mtu ananielekeza choo kilipo kama anayenielekeza pa kuweka mwavuli.

Nilivaa pedi, nguo nyeusi, na nyingine ya akiba mkobani. Nilitoka mara moja, nikarudi, tukaendelea tulipoishia. Nililia kuliko nilivyosema. Aliniuliza kama nimewahi kumwona daktari; nikasema hapana. Akasema kichwa na kibofu vinaweza kutibiwa pamoja, kimoja hakina haja ya kupanga foleni nyuma ya kingine.

Basi nimeenda na huko pia. Kumbe ni misuli ya chini ya nyonga, ile inayokishikilia kibofu, imelegea kwa mimba na uzazi. Nimepewa mazoezi: unabana kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa pamoja, unaachia, mara 8, na hivyo mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi. Na kule kujinyima maji nilikokuwa nakufanya kumbe nilijiumiza, kwani mkojo ukiwa mzito hukichokoza kibofu. Salma, kwa nini hatukuambiwa tulipojifungua? Tulifundishwa kila kitu cha mtoto, kitovu chake, joto lake. Mwili wa mama hakuna aliyeutaja. Hilo linanichoma hadi sasa.

Sijapona. Juzi tu, chafya moja ngazini. Ila nilibadilisha nguo nikaendelea nilikokuwa nakwenda, sikurudi nyumbani kama zamani.

Sasa, Alhamisi ni kikao cha pili na woga umerudi. Nimeshashika simu mara mbili nifute. Naomba unisindikize. Usiingie, ukae tu pale nje hadi nitoke. Utaweza? Kama huwezi, utanipigia asubuhi uniambie nivae viatu? Na Zuhura je, alikasirika sana? Nimweleze ukweli, au utanitangulizia maneno? Na wewe mwenyewe, usiku ule uliposema umechoka halafu ukageuza mazungumzo, ulitaka kuniambia nini? Nilikuwa nimezama kwenye hofu yangu, nikakupita. Bado nataka kusikia.

Nijibu kabla ya Alhamisi.

Wako,
Mwajuma