Malalamiko: Mmefuta Sauti za Wazee Wetu Bila Kuniuliza

Mji wa Kale,
Mombasa.
2 Juni 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: KUDUKULIWA KWA TOVUTI YANGU NA KUFUTWA KWA NAKALA ZAKE

Mimi ni mteja wenu tangu 2014, nanyi ndio mnaonihifadhia tovuti yangu. Ada nimelipa kila mwaka kabla ya siku yake, na kila risiti yenu imekuja na maneno yale yale: nakala rudufu kila siku. Kwa ajili ya maneno hayo niliwakabidhi kitu ambacho siwezi kukinunua tena.

Tovuti yangu si ya biashara. Ndani yake mlikuwa na msamiati wa Kimvita niliouokota mitaani, maneno kama ndia, mtele na ndoo, ambayo watoto wetu sasa wanasema njia, mchele na njoo. Mlikuwa na nyimbo za vugo, zile za harusini. Na mlikuwa na sauti za wazee kumi na mmoja wakisimulia mji huu ulivyokuwa. Tisa kati yao wameshatangulia mbele ya haki, shangazi yangu akiwa mmoja. Nilimrekodi kitandani, akikohoa kila baada ya beti mbili, na aliniusia nisikikate kile kikohozi.

Ijumaa tarehe 9 Mei, saa tatu usiku, mpwa wangu aliyeko Muscat alinipigia kuniuliza kwa nini ukurasa wa bibi yake unafungua kamari. Kwenye kompyuta yangu kila kitu kilikuwa shwari. Kumbe wadukuzi walikuwa wakiwaelekeza kule wanaoingia kwa simu peke yao, ndipo nisijue. Niliwapigia usiku ule ule. Nikaambiwa nijaze ombi la usaidizi, nami nikalijaza. Jibu lilifika Alhamisi tarehe 15, siku ya sita, likinieleza kwamba faili la wadukuzi lilikuwa limekaa humo kama wiki tatu, kwamba nakala zenu hudumu siku saba tu na kwa hiyo zote zilikuwa zimechafuka, na kwamba tangu Jumapili mlikuwa mmekwisha kufuta akaunti nzima pamoja na nakala hizo "kwa usalama wa wateja wengine".

Mdukuzi aliichafua tovuti yangu. Aliyeifuta ni ninyi.

Kilichochafuliwa ni msimbo wa PHP, lugha ya programu inayoendesha tovuti. Rekodi za sauti hazikuwa na neno. Mngeweza kuifunga tovuti isionekane na mtu, mkanipa saa ishirini na nne za kupakua folda moja ya sauti, kisha mkafuta mengine yote, nami ningewashukuru. Hata simu moja hamkunipigia, ilhali nambari yangu mnayo, na mnaitumia vizuri sana kila ada inapokaribia.

Halafu mhudumu wenu aliniandikia kwamba kosa ni langu, sikusasisha. WordPress, programu niliyojengea tovuti, niliisasisha kila toleo lilipotoka, na kuingia kwangu kulihitaji nenosiri na msimbo wa simu. Lakini PHP inakaa kwenye seva, kompyuta yenu tunayotumia wateja wengi kwa pamoja, na toleo lake mnalichagua ninyi. Mliniweka kwenye 7.4, ambalo waundaji wake waliacha kulitilia viraka vya usalama tangu Novemba 2022. Kosa langu nalikiri: sikuweka nakala yangu mwenyewe ya rekodi zote. Simu niliyorekodia wengi iliibwa 2019, nami nikajipa moyo kwamba ziko kwenu.

Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mombasa wa zamani, zilikuwa vifuani mwa watu, Mwalimu Sikujua, mwanachuoni wa mji huu, akazikusanya na kuziandika, na karatasi zikavuka bahari hadi London. Ndiyo maana leo tunazo. Ninyi nakala mliyoniuzia mliiweka kwenye seva ile ile ya tovuti yenyewe. Machi 2021, kituo cha data kilipoungua Strasbourg, Ufaransa, waliopoteza kila kitu ni wale ambao nakala zao zilikuwa pahali pamoja na asili. Fani hii ni yenu, nami sipaswi kuwa wa kuwakumbusha.

Maandishi mengi nimeyapata kwenye Internet Archive, maktaba ya bure iliyoko Marekani inayohifadhi nakala za kurasa za mtandao. Sauti hawakuwa nazo. Wao nao walishambuliwa Oktoba 2024, taarifa za watumiaji milioni 31 zikavuja, na mkuu wao aliwatangazia watu hadharani. Mimi ninayewalipa niliambiwa siku ya sita.

Ninachotaka kwanza ni sauti. Mafundi wenu watafute kwenye diski za zamani, hasa zile za mlipohamisha wateja kwenda seva mpya mwaka 2023, na mnijibu kwa maandishi mmetafuta wapi. Msiandike chochote juu ya diski hizo hadi kazi hiyo iishe. Pili, nipeni kumbukumbu za seva za Aprili na Mei, kwa sababu nataka kupiga ripoti polisi chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 na siwezi kwenda mikono mitupu. Jina la kikoa changu, yaani anwani ya tovuti, lifunguliwe na nipewe msimbo wa kulihamisha, maana kwenu sirudi. Ada ya mwaka huu mnirudishie.

Kuna na wasomaji walioniachia majina na barua pepe zao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayemhifadhia mwenziwe data amjulishe uvujaji bila kuchelewa, na inapowezekana ndani ya saa 48 tangu autambue. Nielezeni kwa maandishi ni zipi zilizochukuliwa, nipate kuwaarifu.

Nawapa siku kumi na nne. Baada ya hapo barua hii, pamoja na risiti zote tangu 2014, nitaiwasilisha kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Diski zikipatikana, hata zikiwa zimeharibika, msijaribu kuzitengeneza wala msizitupe. Nipigieni, saa yoyote, nitapanda gari kuja Nairobi kuzichukua mwenyewe.

Wenu mteja,
Mwenye tovuti ya maneno na sauti za Kimvita