Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya wazee: kipigo kisichoandikwa

Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,

Katika makazi ya wazee, mhudumu akipigwa kofi, aking'atwa au akitemewa mate huambiwa, "Mvumilie, mzee wa watu." Habari inaishia hapo. Sisi wahudumu tunaomba iandikwe.

Kipigo hakiji ovyo, na mara nyingi huja bafuni. Mzee aliyepoteza kumbukumbu anavuliwa nguo na mtu asiyemtambua, kisha anamwagiwa kopo la maji baridi kichwani. Nani asingerusha ngumi? Maji yapashwe moto, mwili ufunikwe kanga, aanze kuoshwa miguu, kichwa kiwe mwisho. Mhudumu amwendee kwa mbele, ajitaje jina, asimkamate kiwiko wala kifundo cha mkono. Akikataa, aachwe dakika 20 ndipo abembelezwe tena. Kumkaba watu watatu ndiko kunakozaa majeraha, yake na yetu.

Mzee mpole akigeuka mkali ndani ya siku moja au mbili, apimwe mkojo, aangaliwe maumivu na choo kabla hajapewa dawa ya kumtuliza. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, huweza kumvuruga akili mtu mzima wa miaka 80. Dawa za kutuliza humwongezea hatari ya kuanguka.

Aking'ata, usivute mkono, utachanika nyama. Usukume kuelekea mdomoni, taya italegea. Damu ikitoka, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo: PEP, dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU, ikihitajika, haianzwi baada ya saa 72.

Sasa kitabu. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, saa, majina, kazi iliyokuwa ikifanyika, jeraha, hatua iliyochukuliwa. Safu za saa na kazi ndizo zenye siri. Zikionyesha vipigo vitano, vyote saa 12 asubuhi na mhudumu yuko peke yake, mfawidhi anajua pa kuongeza mtu. Bila maandishi, aliyevunjwa kidole atapeleka nini Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi? Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 haikutungwa kwa ajili ya viwanda peke yake.

Waraka wako mmoja kwa wafawidhi wote unatosha kuanza. Uandikwe humo pia kwamba daftari hilo si la kumwadhibu mzee.

Ni sisi,
Wahudumu wa wazee